Kiazi, Maini na Chumvi: Kinachofanyika Ndani ya Maabara ya Baiolojia

Mama mmoja anayeuza omena pale soko la Kibuye, Kisumu, alinisimamisha juzi akiwa ameshika simu. Kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, shule ilikuwa imetangaza kwamba wanafunzi wa Gredi ya 10 waje Jumatatu na viazi viwili vikubwa, kitunguu kimoja na kipande cha maini mabichi. "Mwalimu," akaniuliza, "huyu mtoto tulimpeleka asome sayansi au mapishi?"

Alikuwa anauliza kwa dhati, na wazazi wanaouliza hivyo ni wengi. Tangu Januari 2026, wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya walipoingia sekondari pevu, neno maabara halitoki midomoni mwa watu. Shule hii haina maabara kabisa. Ile ina chumba kimoja ambacho baiolojia, kemia na fizikia zinakigombania, huku kidato cha tatu na cha nne wa mtaala wa zamani wa 8-4-4 nao wakidai zamu yao. Watu wanabishana kuhusu majengo, mabomba ya gesi na bei ya hadubini. Yule mama alikuwa anauliza jambo la kabla ya hayo yote: mtoto akishaingia mle ndani, anafanya nini?

Tuanze na maneno, kwa sababu darasani huja kwa Kiingereza na nyumbani hayafiki. Maabara ni mahali palipoandaliwa ili mtu aulize kitu swali na kukiacha kijibu chenyewe. Jaribio ndilo swali hilo, likiulizwa kwa mikono. Nadharia tete ni jibu unalolikisia kabla hujaanza, ukiwa tayari kuliacha kitu kikikukatalia. Data ni yale uliyoyaona, ukayapima, ukayaandika. Grafu ni picha ya data hizo, ili jicho lione mara moja kile ambacho safu ya namba inakificha.

Sasa fikiria majirani wawili kule Trans Nzoia. Mmoja amepanda mbegu mpya ya mahindi, mwenzake ameshikilia ile ya zamani. Wakati wa mavuno wa kwanza anajaza ghala, na kijiji kizima kinaamua kwamba mbegu mpya ndiyo mbegu. Lakini ukiuliza zaidi unaambiwa kwamba huyo wa kwanza alipanda mara tu mvua ilipoanza, akatia mbolea ya kupandia, akapalilia mara mbili. Jirani yake alichelewa wiki tatu, mbolea hakutia, na palizi ilikuwa moja. Je, ni mbegu, ni mbolea, ni mvua au ni jembe? Hakuna awezaye kujua, kwa sababu vitu vinne vimebadilika kwa wakati mmoja.

Kitu chochote kinachoweza kubadilika katika jaribio huitwa kigeu. Kile unachokibadilisha wewe kwa kusudi ni kigeu huru. Hapa ni mbegu. Kile unachokipima mwishoni kuona kama kimeguswa ni kigeu tegemezi. Hapa ni magunia. Vingine vyote, yaani mvua, mbolea, palizi na aina ya udongo, unavishikilia vibaki sawa pande zote mbili. Mwanafunzi akishika hili moja, nusu ya kazi ya maabara ameimaliza, hata kama hajawahi kugusa kifaa cha kioo.

Turudi kwenye kiazi

Kila mpishi anajua mwanzo wa somo hili. Ukinyunyiza chumvi kwenye kachumbari na kuiacha kidogo, unakuta bakuli lina maji ambayo hukuyamimina. Yametoka ndani ya nyanya na vitunguu. Seli za mimea, yaani vile vyumba vidogo sana vinavyoujenga mmea, zimezungukwa na utando mwembamba ambao maji hupita kwa urahisi, lakini chumvi na sukari hupita kwa shida sana, kama chandarua kinavyopitisha hewa na kumzuia mbu. Maji huelekea upande ambao chumvi au sukari ni nyingi zaidi. Mwendo huo wa maji ndio unaoitwa osmosisi.

Mpishi anajua kwamba maji yanatoka. Mwanabaiolojia anataka kujua yanatoka kiasi gani, na kwa chumvi kiasi gani. Hapo ndipo viazi, au waru kama tunavyoviita sokoni, vinapoingia.

Unapima gramu 20 za chumvi, unaziyeyusha na kuongeza maji hadi yafike lita moja. Umepata maji yenye gramu 2 za chumvi katika kila mililita 100, na kuanzia hapo mizani hutaihitaji tena. Panga glasi tano. Ya kwanza tia mililita 100 za maji matupu. Ya pili changanya mililita 25 za maji ya chumvi na 75 za maji matupu. Ya tatu 50 kwa 50. Ya nne 75 za maji ya chumvi kwa 25 za maji matupu. Ya tano ni maji ya chumvi pekee. Sasa una gramu 0, 0.5, 1, 1.5 na 2, zimepanda kwa hatua zilizo sawa, na zote zimetoka kwenye chungu kimoja.

Kiazi unakimenya, kwa sababu ganda linazuia maji. Unakata vipande kumi na vitano vyenye unene mmoja, kila kimoja kikiwa na urefu wa milimita 50 kamili kwa rula, na ukiweza vyote vitoke kwenye kiazi kimoja. Kila glasi unaitia vipande vitatu. Unasubiri saa moja. Kisha unavitoa, unavikausha kwa karatasi ya shashi bila kuvikamua, unapima tena.

Kabla ya kupima, mwambie mtoto avishike. Kipande kilichotoka kwenye maji matupu kimekakamaa, na ukikikunja kinakatika kwa mlio kama karoti mbichi. Kilichotoka kwenye glasi ya tano kimelegea, kinajikunja kidoleni kama ukanda wa mpira, na hakikatiki. Nimewaona wanafunzi waliokuwa wakisinzia wakati wa maelezo wakiinuka na kupokezana vipande hivyo kwa zamu. Mikono imeshajua kitu. Rula inakuja kusema ni kiasi gani.

Andika ulichokiona

Kupima kunaonekana jambo dogo mpaka ulifanye. Yeyote anayenunua mahindi kwa gorogoro anajua kuna gorogoro iliyosawazishwa kwa kiganja, kuna iliyofura juu kama kichuguu, na kuna mkebe uliobonyezwa kitako ukaiba kiganja kizima cha nafaka. Kijiko cha chumvi ni vivyo hivyo. Ndiyo maana maabara inadai gramu na mililita. Hata silinda ya kupimia ina mtego wake: maji yakikaa kwenye kioo hupinda, kingo zikapanda na katikati pakashuka. Unaiweka silinda mezani, unainama mpaka jicho lako likae usawa na maji, halafu unasoma pale chini ya mpindo. Ukisoma ukiwa umesimama, umesoma namba nyingine.

Lakini kosa kubwa kuliko hilo halitokani na jicho. Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule moja upande wa Nakuru, tuliambiwa tuchemshe maji na tuandike joto lake yanapotokota. Kitabu kilisema nyuzijoto 100. Kipimajoto changu kilifika 94 kikasimama. Nikaongeza moto. Maji yalitokota kwa fujo, mvuke ukanichoma vidole, na ule uzi mwekundu haukusogea. Nikatazama meza za wenzangu: wote vipimajoto vyao vilikuwa pale pale, na wote walikuwa wanaandika 100. Nami nikaandika 100. Msichana mmoja tu aliandika 94, na daftari lake lilirudi na alama ya kosa kwa wino mwekundu.

Ilinichukua miaka kujua kwamba yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Maji huchemka kwa nyuzijoto 100 usawa wa bahari. Kadiri unavyopanda, hewa inayoyakandamiza inapungua, na maji yanahitaji joto dogo zaidi ili yatokote, takriban nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300 unazopanda. Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na huko maji huchemka kwa nyuzijoto 94 hivi. Kisumu, iliyo karibu mita 1,130, ni 96. Darasa zima lilikuwa limepima kimo cha mji wetu kwa kipimajoto na sufuria, kisha tukakifuta ili kufanana na kitabu. Jambo hilo bado linaniuma, na ndilo linalonifanya niwaambie wanafunzi wangu kila muhula: andika ulichokiona kwanza, halafu tuulize ni kwa nini.

Kuna msemo unaosikika sana kwenye maabara zetu: "jaribio limekataa." Huwa maana yake ni kwamba matokeo hayakulingana na kitabu. Chukua kipimo cha sukari kwa myeyusho wa Benedict, ule wa buluu. Ukiupasha moto pamoja na maji ya ndizi mbivu, hugeuka kijani, kisha manjano, kisha rangi ya chungwa, hadi wekundu wa tofali. Mwanafunzi anaona vizuri, anafurahi. Halafu anajaribu sukari nyeupe ya dukani, ambayo kila mtu anajua ni sukari, na myeyusho unabaki buluu. Anaumwaga, anadhani dawa imeharibika. Kumbe dawa ni nzima. Sukari ya ndizi ni pamoja na glukosi, ambayo humenyuka na Benedict na kuigeuza rangi. Sukari ya mezani, ingawa imetoka kwenye miwa ya Muhoroni au Nzoia, imeundwa kwa glukosi na fruktosi zilizofungamana, na zikiwa zimefungamana hazifanyi kitu. Ichemshe kwanza na asidi kidogo ili zitengane, upoze, uiondolee ukali kwa magadi ya kuokea, kisha ujaribu tena: wekundu utauona. Ile buluu ya mwanzo ilikuwa jibu, na jibu zuri.

Na kwa nini vipande vitatu katika kila glasi, si kimoja? Mnunuzi wa mahindi kule Kitale hatoi pesa kwa kutazama mdomo wa gunia. Anachoma bambo juu, katikati na chini, anamimina punje kiganjani. Anajua mahindi mazuri yanaweza kuwa juu tu. Kipande kimoja cha kiazi kinaweza kuwa na jeraha au kuwa karibu na jicho la kiazi. Vikiwa vitatu unachukua wastani, na kimoja kikija na namba ya ajabu unakigundua. Usikifute. Kiandike, kipigie mviringo, angalia kama ulikosea kukikata.

Upande wa kulinganishia

Sasa maini. Ukitia kipande cha maini mabichi kwenye haidrojeni peroksaidi, dawa ya maabara inayoonekana kama maji, inafoka povu jeupe mpaka linamwagika. Ndani ya maini mna kimeng'enya, yaani kitu cha mwilini kinachoharakisha kemikali kubadilika, kinachoitwa katalesi, ambacho huivunja peroksaidi kuwa maji na oksijeni. Ukiingiza kijiti chenye kaa la moto kwenye povu, kinawaka tena, na hiyo ni ishara ya oksijeni.

Lakini utajuaje kwamba ni kimeng'enya, wala si povu linalotokea tu kwa kuwa umetia nyama kwenye dawa? Unachukua kipande kingine cha maini hayo hayo, ukubwa ule ule, unakichemsha kwanza, unakipoza, kisha unakitia kwenye peroksaidi kiasi kile kile. Kimya. Vimeng'enya ni protini, na joto la kuchemka huviharibu umbo visifanye kazi tena. Kile kipande kilichochemshwa kinaitwa kidhibiti, yaani upande wa kulinganishia. Wanafunzi wengi hukiona kama mzigo, kitu cha kumridhisha mtahini. Kumbe ukikitoa, jaribio halina maana.

Mfano mkubwa wa kidhibiti ninaoujua ulifanyika hapa hapa magharibi mwa Kenya. Katika miaka ya 1990, watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, wakishirikiana na CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, walikwenda Asembo na Gem, upande wa Siaya, na swali zito: je, neti zilizotiwa dawa zinaokoa watoto mahali ambapo malaria haipumziki mwaka mzima? Vijiji zaidi ya 200 viligawanywa kwa bahati nasibu. Baadhi vikapata neti mara moja; vingine vikasubiri kama miaka miwili, kisha navyo vikapewa.

Watu huuliza kwa nini wasipewe wote siku moja. Swali hilo ni la haki, kwa kuwa waliosubiri walikuwa watu, si viazi. Lakini wakati huo hakuna aliyekuwa na hakika kwamba neti zingefaa mahali penye mbu wengi kiasi kile. Kama wote wangepewa siku moja na vifo vikapungua, mtu angesema: labda mvua ilikuwa chache mwaka ule, labda zahanati zilipata dawa. Vijiji vilivyosubiri vilipata mvua ile ile na zahanati zile zile. Tofauti iliyobaki ilikuwa neti. Na bahati nasibu ilihakikisha kwamba hakuna aliyechagua vijiji tajiri au vilivyo mbali na madimbwi. Matokeo yalikuwa kwamba vifo vya watoto wa mwezi 1 hadi 11 vilipungua kwa takriban asilimia 23 katika vijiji vyenye neti.

Kisha likatokea jambo ambalo lingepotea kama watu wangeandika walichokitarajia tu. Nyumba zisizo na neti, lakini zilizo ndani ya mita 300 hivi kutoka vijiji vyenye neti, nazo zilikingwa kwa kiasi. Mbu hatambui mpaka wa kijiji. Anayekufa kwenye neti ya jirani hafiki kwako. Data za waliosubiri ndizo zilizolionyesha hilo.

Mambo mawili ya haraka

Hadubini inawatia watu hofu bure. Lenzi ya jicho ikiwa ya mara 10 na lenzi ya chini mara 40, unaona kitu kikiwa kikubwa mara 400. Hiyo ndiyo kazi ya kile kitunguu: unabandua ngozi nyembamba ya ndani, unaitandaza kwenye kioo, tone la iodini, kisha unashusha kifuniko kwa kukiinamisha polepole ili hewa itoke. Anza na lenzi inayokuza kidogo kila mara. Duara lenye ukingo mweusi mnene ambalo kila darasa huchora na kuliita seli ni kiputo cha hewa. Seli za kitunguu ni ndefu, zimepangana kama matofali ya ukuta.

Usalama nao si orodha ya kutisha watoto. Usionje chochote, hata kama kimetoka jikoni. Kioo kikivunjika, ufagio na wala si mkono. Na hili nalisema kwa msisitizo: spiriti inayotumika kuondoa rangi ya kijani kwenye jani haipashwi juu ya moto. Huchemka kwa nyuzijoto 78 tu na mvuke wake unashika moto ukiwa mbali. Zima moto kwanza, kisha utumbukize mrija wa spiriti kwenye maji uliyoyachemsha. Yanatosha.

Grafu

Hapa ndipo wengi wanapoteza alama. Katika KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, karatasi ya tatu ya baiolojia ni ya vitendo, saa 1 na dakika 45. Lakini hata kwenye karatasi ya pili, swali la 6 ni la lazima, na mara nyingi linakuja na jedwali la data na agizo la kuchora grafu. Mtu aliyeelewa grafu inataka nini hahitaji kukariri sheria zake.

Tuseme wastani wa vipande vya kiazi ulitoka hivi: kwenye gramu 0 urefu ukawa milimita 53, gramu 0.5, milimita 51.5, gramu 1, milimita 49.5, gramu 1.5, milimita 48. Gramu 2, milimita 47.

Kigeu ulichokichagua wewe, chumvi, kinalala kwenye mhimili wa chini. Kile ulichokipima, urefu, kinasimama kwenye mhimili wa wima. Kila mhimili unaandikwa jina na kizio chake: "Chumvi (gramu kwa mililita 100)", "Urefu wa kiazi (milimita)". Namba bila kizio ni kama bei bila kutaja ni ya kilo au ya gunia.

Kisha kipimo cha mhimili. Wengi huamini kwamba lazima kila mhimili uanze na sifuri. Hapa, ukianza urefu na sifuri, nukta zako zote tano zitabanana juu ya karatasi kama abiria wa matatu ya jioni, na hutaona chochote. Anza na 46, ishia 54, sentimita 2 kwa kila milimita 1. Chini, ukilaza karatasi, sentimita 5 kwa kila gramu 0.5. Hatua ziwe za 1, 2, 5 au 10. Ukigawa kwa 3 au 7, kila nukta inakuwa mateso ya hesabu. Na hatua zisibadilike njiani. Anayeweka 0, 0.5, 1 kisha akaruka hadi 2 kwa nafasi ile ile ameupinda ukweli bila kutaka.

Nukta uziweke kwa msalaba mdogo wa penseli iliyochongwa. Halafu jiulize kabla ya kushika rula. Dhana iliyoenea ni kwamba grafu ni kuunganisha nukta moja hadi nyingine kwa mistari mifupi. Ukifanya hivyo unadai kwamba kila kosa dogo la kupima ni tabia ya kiazi. Nukta zetu zinashuka kwa mpindo mwororo, mkali kidogo mwanzoni na mpole mwishoni. Chora mchirizi mmoja laini unaopita karibu nazo zote.

Si kila data hudai mchirizi, lakini. Ukihesabu samaki walioshushwa ufuoni Dunga asubuhi moja, ngege wangapi, mbuta wangapi, huwezi kuvuta mstari kutoka ngege hadi mbuta, maana katikati yao hakuna samaki aliye nusu hiki na nusu kile. Hapo unachora nguzo zilizoachana. Kati ya gramu 0.5 na gramu 1 za chumvi, kwa upande mwingine, kuna gramu 0.7, na mchirizi una jambo la kusema juu yake.

Mchirizi una mipaka pia. Ukiuvuta kwa rula kuelekea kulia, ukifika mbali vya kutosha utakuambia kiazi kimekuwa na urefu wa sifuri. Kiazi hakitoweki. Ulipima mpaka gramu 2. Zaidi ya hapo unakisia.

Na mistari miwili ikipanda pamoja, usikimbilie kusema mmoja ndio unaousukuma mwingine. Msimu wa mvua ndefu hapa Kisumu, gambuti zinauzwa kwa wingi na wagonjwa wa malaria wanaongezeka. Ukichora vyote viwili utapata mistari inayofuatana. Gambuti hazileti malaria. Mvua inaleta matope ya gambuti na madimbwi ya mbu.

Sasa rudi kwenye grafu yetu. Weka rula kwenye milimita 50, ule urefu wa mwanzo, uvute kwa ulalo mpaka ukutane na mchirizi, kisha ushuke wima hadi chini. Utaangukia karibu gramu 0.9. Kwenye jedwali namba hiyo haipo, hukuipima. Grafu ndiyo iliyoitoa. Ni kiasi cha chumvi ambacho kiazi hakinyonyi maji wala hakiyapotezi, yanayoingia ni sawa na yanayotoka. Kiazi chako kinaweza kukupa 0.8 au 1, kutegemea aina yake na muda kilichokaa ghalani, nawe uandike hicho ulichopata.

Nilimweleza yule mama wa omena hadithi hii yote pale pale, vidole vyangu vikichora kwenye meza yake ya samaki. Nilipofika kwenye 0.9 alinikatiza. Mwaka jana alilazwa, akasema, na alikaa siku mbili akiutazama mfuko wa maji ya dripu ukining'inia juu ya kitanda, mpaka akaukariri maandishi. Ulikuwa umeandikwa asilimia 0.9, yaani gramu 0.9 za chumvi katika kila mililita 100 za maji, kiasi ambacho seli za damu ya binadamu hazivimbi wala hazisinyai. Aliikunja simu kwenye kitenge, akaniuliza viazi vya aina gani ndivyo vinavyokatika vizuri.